Siku Ulipoingojea Dawa, Baba

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Nimeshastaafu kufundisha biolojia, lakini somo la homoni sikuwahi kulimaliza bila kukukumbuka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Pumu ilinibana, ukanikimbiza hospitalini Tanga mjini na nguo zako za kazi, unanuka maji ya mkonge ya kule kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge kiwandani. Asubuhi daktari akanichoma sindano ya dawa mpya. Adhuhuri ikapita, kifua bado kinalia filimbi. Shangazi akapandwa na hasira.

"Dawa gani hii! Nipe mtoto nimpeleke Ushongo kwa shehe akanywe kombe la aya. Utamzika huyu!"

"Hatoki," ukasema. "Msimamizi kaniambia dawa hizi siku hizi wanazitengeneza kwa maji ya mkonge. Mkonge naujua mimi, dada, hauna pupa, hungojewa miaka."

Lo! Shangazi alisonya mpaka wodi nzima ikageuka. Wewe ulinishika mgongo, unahesabu kila pumzi yangu, hukubanduka. Alasiri nikaomba uji.

Sababu uliikosea, Baba, jambo ukalipatia! Dawa ile ni ndugu wa homoni ya mwilini. Hupenya ndani ya seli ikakutana na kipokezi chake, protini iliyoumbwa kuishika. Vikishashikana huingia kwenye kiini cha seli, vikazifikia jeni: nyingine huziamsha, na zile zinazochochea uvimbe huzinyamazisha. Kisha seli itengeneze protini mpya, na za zamani ziishe. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Enzi zile hata daktari hakuyajua hayo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alibanwa vilevile, akapewa dawa ya jamii ileile. Mimi mwalimu mzima sikuweza kungoja hata saa moja. Nilimfokea nesi, nikambeba mtoto hadi mlangoni, mama yake akaninyang'anya. Amepona, alhamdulillahi, ila nimeona haya mno.

Najua kila hatua ya dawa ile. Wewe hukujua hata moja, na uliogopa kama mimi, ukabaki. Baba, ningekuwa mimi ndiye mzazi siku ile, mtoto angenifia mikononi.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, kifungua mimba wako.