Kichwa Kilichonyolewa Bila Msiba

Kaka Maduhu, uliyeondoka bila kuaga vizuri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu mambo ya nyumba yetu yamefichwa vya kutosha. Anayetaka kusoma na asome. Ila ninayesema naye ni wewe, na wewe hukuwahi kunikatiza nilipokuwa naongea, hata nilipostahili kukatizwa.

Mimi ni Kabula, yule uliyempa jina la Mdomo. Sasa naishi Iringa, nina mvi ambazo sizifichi, na nina kazi ambayo watu wakiisikia wanasogeza kiti. Polisi wakikuta mifupa shambani au kwenye msingi wa nyumba, huniita nikaifukue polepole kwa mwiko na brashi. Nawaambia kama ni ya mtu au ya mnyama, ya kale au ya juzi, na kama aliyelala pale alilazwa au alitupwa. Wenyewe tunaiita akiolojia ya jinai. Mwenye nyumba wangu wa kwanza aliita uchawi. Aliona fuvu la plasta mezani kwangu, akasimama mlangoni, akasema, "Dada, wewe huna shida na mtu, lakini mimi nina watoto wadogo humu." Nikahama. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe naishi kwa kushuku watu.

Kushuku huko nilianzia kwako, kaka. Si kwamba nilikushuku wewe. Nilimshuku aliyerudi badala yako.

Lakini ngoja nianze na kikombe. Ulikuwa na kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, na ulikuwa hutaki mtu akiguse. Siku moja ulichukua msumari, ukakaa kwenye kivuli cha zizi, ukachora kitakoni mwake mistari mitatu iliyosimama na mmoja wa kuikata katikati. Ukachora hivyo hivyo kwenye fimbo yako na kwenye kigoda chako. Nikakuuliza ni nini hicho. Ukasema, "Ni mimi huyo. Mtu akiiba kikombe changu, kitanitaja." Shule ulikuwa umeiacha darasa la tatu ukafuata ng'ombe, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza najifunza a, e, i, o, u. Nikaona maandishi yako ni bora kuliko ya mwalimu, maana yalikuwa hayafutiki kwa kiganja.

Ndiyo sababu, miaka mingi baadaye, niliposomeshwa kwenye nchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya, nilijikuta nimesimama mbele ya jiwe refu kuliko mimi, limechongwa mistari mitupu, nikalia. Watu wa kule zamani waliandika kwa herufi wanazoziita runi. Karibu zote ni mistari iliyonyooka, kwa sababu ubao na jiwe havipendi mikunjo. Profesa wangu alitaka kujua mtu wa Usangu anatafuta nini kwenye runi. Nikamjibu kwamba kaka yangu aliandika hivyo hivyo. Akacheka kwa adabu. Nikazisoma kando ya masomo yangu ya mifupa, na mpaka leo nazisoma. Wenzangu wanasema nina waume wawili, mifupa na mawe.

Nilichokikuta kwenye mawe yale kilinikera. Mengi yanasema neno moja tu: fulani alisimamisha jiwe hili kwa ajili ya baba yake, au kwa ajili ya kaka yake. Basi. Hayasemi alikufaje. Hayasemi nani alikuwa naye. Mimi nilikuwa nasimama pale na koti zito, nauliza jiwe kama askari: huyu aliyesimamisha, alikuwa wapi siku ile? Mbona ana haraka ya kuonekana ana huzuni?

Unajua nilikuwa namfikiria nani.

Kiangazi kile mliondoka wawili na ng'ombe wote, wewe na baba mdogo Ngassa, mkielekea bondeni kwenye majani mabichi. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ng'ombe wale ndio waliokuwa baba. Ulinipa nusu ya hindi lako la kuchoma, ukasema, "Mdomo, usimwachie mtu kigoda changu." Nikakaa juu yake papo hapo ili uone ninavyolinda. Ulicheka ukageuka. Mgongo wako ndio picha ya mwisho niliyo nayo.

Mvua za kwanza zilipoanguka, baba mdogo akarudi. Ng'ombe wote walikuwepo, hata ndama walikuwa wameongezeka. Wewe hukuwepo. Alisema umeungana na wachungaji wengine kwenda kusini, utarudi. Alisema hivyo huku amevaa kofia yake ya pama, na hakuivua hata alipoingia ndani kumsalimia mama. Msukuma, hata kama amehamia Usangu kama sisi, anaingia kwa mke wa kaka yake na kofia kichwani! Nikamfuata alipokwenda kuoga nyuma ya zizi. Usinikemee, nilikuwa mtoto. Alivua kofia akainamia ndoo, na kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kinang'aa kama kibuyu.

Kwetu mwanaume hunyoa vile akitoka kuzika mtu wake. Nikajitokeza, nikamuuliza, "Baba mdogo, nani amekufa?"

Akashtuka mpaka akamwaga maji. "Hakuna aliyekufa. Ni mapunye."

Kaka, mimi nilikuwa nayo mapunye wakati ule ule. Nilijua yanavyokuwa. Kichwa kile hakikuwa hata na doa.

Kuanzia hapo sikumwamini tena, na kila jema alilolifanya nililigeuza nione kilichofichwa chini yake. Alipouza ng'ombe mnadani Chimala ili mimi nikasome sekondari Mbeya, nilijiuliza ananunua nini. Alipohamia Idodi, nilijiuliza anamkimbia nani. Kila akija kutusalimia alikuwa na wimbo mmoja: "Shemeji, tumfanyie Maduhu matanga. Si vizuri kumwacha hivi." Na mama kila mara alimjibu hivyo hivyo: "Matanga ya nani? Wewe umemwona?" Baba mdogo alikuwa anaangalia sahani yake. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Nilijisemea kwamba anayejua mtu amekufa, basi amemwona maiti, na kikulacho ki nguoni mwako. Nadhani niliichagua kazi hii ili siku moja niiangalie mikono ile nikiwa na ushahidi.

Siku hiyo ilikuja kiangazi kilichopita. Katapila lilikuwa linachimba mfereji wa mashamba ya mpunga upande wa Rujewa, likainua mfupa wa paja. Nikaitwa. Sikuwaza chochote, bonde lile lina mifupa ya watu wengi. Nikasafisha udongo, nikaona kingo za shimo zimekatwa vizuri. Aliyelala humo alilala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, kichwa kimewekewa jiwe bapa. Kulikuwa na vipande vya ngozi ya ng'ombe vilivyoganda kwenye tope. Nikamwambia afande aliyesimama juu yangu, "Huyu alizikwa na mtu aliyemjua."

"Au aliyemuua halafu akajuta," akajibu.

Nilimpenda afande yule. Nikaendelea kupiga brashi karibu na mkono, nikakuta bati. Nikaligeuza, nikalifuta tope kwa kidole gumba. Mistari mitatu iliyosimama, na mmoja wa kuikata.

Kilikutaja, kaka, kama ulivyosema. Nikaweka mwiko chini. "Afande, mimi naishia hapa. Huyu namfahamu." Kwenye kazi yetu mtu hamfukui ndugu yake, jicho linaona linachotaka. Nilitoka shimoni, nikakaa kwenye tuta la mfereji, na mwenzangu aliyetoka Mbeya akamalizia. Nililia kwa sauti mbele ya vibarua, na sikuona aibu.

Kisha nikamwendea mama nikachukue mate yake kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Alikuwa anapeta mpunga. Nikamwambia ni vipimo tu vya kawaida. Akaniangalia. "Mate yangu? Mwanangu, wewe kazi yako si wagonjwa." Lakini alifungua kinywa.

Majibu yalirudi: ni wewe. Ripoti ya mwenzangu ilisema mifupa haina mkato wala mvunjiko wa wakati wa kufa. Sababu ya kifo haikujulikana. Nilisoma mstari ule nikatamani kuuchana. Najua mifupa haisemi kila kitu. Maji hayaachi alama kwenye mfupa, nyoka haachi, na mkono wa ndugu ukiziba pua hauachi pia.

Nikaenda Idodi. Polisi walikuwa wameshachukua maelezo yake, lakini nilitaka yangu. Nilimkuta chini ya paa la mabati, amezeeka, miguu imevimba, kofia kichwani. Hakunikaribisha kiti. Nilikaa mwenyewe.

"Amekufaje?"

"Nyoka. Tulikuwa ndani kabisa, kule kulikokatazwa kuchunga. Amekanyaga kwenye majani. Ile sumu ilimpanda, jua halijazama akawa ameshaondoka."

"Alimgonga mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeuliza amefia wapi. Wangejua tumeingiza ng'ombe kule, wangewachukua wote. Mama yako angekula nini? Wewe ungesoma na nini?"

"Usinitwike mimi!"

Mkewe akaleta chai, nayo ikapoa kati yetu. Nikamuuliza swali nililolibeba tangu ile ndoo. "Na kichwa? Kama ulitaka kuficha, kwa nini ulinyoa?"

Akavua kofia polepole. Hana nywele tena, umri umezimaliza. "Kabula, nimemzika mwana wa kaka yangu kwa mikono yangu, peke yangu, bila hata wa kunishikia ngozi ya kumzikia. Halafu nibaki na nywele? Mimi ni mtu gani?"

Hapo nilitaka kumwamini, kaka. Nusura nimshike mkono. Nilikuwa nimeshasimama kuondoka nikauliza tena, kama mtu anayeongea njiani tu, mguu ulikuwa upi. Akasema wa kulia.

Ni mzee. Mimi mwenyewe sikumbuki ulivaa shati gani siku ile. Lakini nililibeba jibu lile mpaka Iringa, na bado ninalo. Jalada la polisi halijafungwa, na langu pia.

Mama nilimwambia asubuhi, uani. Nilipanga maneno, nikayapoteza, nikasema tu kwamba umepatikana. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akasema, "Niliona kile kichwa."

"Kichwa gani, mayu?"

"Cha Ngassa. Siku ile ile aliyorudi. Kofia ilimtoka alipoinama mlangoni. Nikasema moyoni, asiponiambia kwa mdomo wake, mwanangu yupo hai. Ndiyo maana nilikuwa simruhusu aseme." Akanitazama bila hasira. "Wewe ulikuwa unachimba, mimi nafukia. Haya. Umeshinda. Leta wembe."

Kaka, nimefukua watu wengi, na kila mara niliamini nawafanyia hisani ndugu zao. Siku ile sikuamini hivyo. Nilimnyoa mama kichwa chote, nywele zake nyeupe zikaanguka kwenye ungo pamoja na pumba, na nilipomaliza akaonekana mdogo, nikaona jinsi ulivyofanana naye. Kisha akaninyoa mimi. Baba mdogo alikuja kwenye mazishi. Alisimama mbali, kofia mkononi, mpaka mama alipomwita jina akamwonyesha mahali pa kukaa, karibu yake. Mimi sikumwita. Nilimpelekea maji ya kunawa, basi. Alinawa huku ananiangalia, na najua alikuwa anasubiri nini kwangu. Sikuwa nacho.

Tumekuzika nyumbani, mbele ya zizi. Kikombe bado kiko polisi, wakikitoa nitakuletea. Kigoda chako kipo, hakijakaliwa na mtu mwingine. Kichwani pako nimesimamisha jiwe nililolitoa kwenye kilima cha nyuma, na nimelichonga mwenyewe kwa patasi, mistari mitatu na mmoja wa kuikata. Chini yake nilitaka kuandika ulivyokufa. Nilishika patasi nusu siku. Nyoka sikuweza kumwandika, kwa sababu sina hakika. Jina la baba mdogo sikuweza kuliandika pia, kwa sababu sina hakika.

Nikaelewa wale watu wa mawe, kaka. Labda nao hawakuambiwa ukweli. Labda aliyeshika patasi alikuwa amekaa na ndugu zake, anawatazama mikono mmoja mmoja, na kitu pekee alichokuwa na hakika nacho ni kwamba alikuwa na kaka. Kwa hiyo nimeandika walivyoandika wao, na nakuandikia hapa nawe usome, maana ndiyo saini yangu:

Kabula alisimamisha jiwe hili kwa ajili ya kaka yake.

Mdogo wako,
Mdomo