Jeneza la Mlingoti

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi? Mimi sijambo, mgongo tu.

Huyu jamaa aliyefungua ng'ambo ya barabara anauza majeneza yaliyokwisha tengenezwa, kayapanga kama vitanda vya dukani. Wafiwa wanaingia, wananyoosha kidole, wanaondoka nalo. Kwetu bado ni vile alivyotuachia baba yako: tuambiwe urefu, Fundi aanze kupiga randa, na wao wakae kwenye vumbi la mbao wanalia mpaka jioni. Mwezi huu hajaingia mtu. Karakana ikifungwa, mimi na Fundi tutashika nini? Wewe umesomea mambo ya kuuza. Niambie.

Mama yako

15 Machi

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona, usijali. Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kusubiri, mama. Sisi hapa kazini hatungoji mteja aje. Tunamjua mapema, tunajua anachohitaji, akifika anakikuta tayari. Fanyeni hivyo hivyo. Na Fundi apunguze mapenzi yake na randa. Naandika haraka, bosi anapitapita.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Unakula? Barua yako nilimsomea Fundi. Akaniuliza, "Tumjue mapema vipi, mama, tukamuulize anakufa lini?" Nikamwambia anyamaze, kijana amesoma.

Basi nikaenda kumjulia hali Mlingoti, mume wa jirani yangu muuza kuku, yule wa kuinama kila mlango. Ini limemchakaza. Miguu imepita mwisho wa kitanda, wameiegemeza kwenye stuli. Mkewe akanikaribisha, akanipa chai, na mimi nainywa huku nampima mumewe kwa macho. Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza mbao. Nikampa Fundi urefu, kalitengeneza jeneza zuri, vanishi imekaa kama kioo. Nilitaka siku wakija walikute lao, wasikae kwenye vumbi.

Jana jirani akaingia karakana anacheka. Mgonjwa ameweza kukaa, amekunywa uji, anataka Fundi akamrefushie kitanda. Ndipo akaliona. Mwanangu, hapa mtaani mwenye urefu ule ni mmoja. Akalizunguka pole pole, akaweka kiganja pale pa kichwa, akasema, "Kumbe siku ile ulikuja na futi machoni." Akatoka.

Nimefuata ulivyosema, au nimekosea wapi?

Mama yako

16 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikakosa pa kukaa. Nilikuwa na maana ya saizi za kawaida, kubwa, ya kati na ndogo, ziwekwe stoo. Sikueleza. Nilikuandikia kama ninavyowaandikia watu wa ofisini. Livunjeni leo hii. Nenda kwake ukamwombe radhi, na akikufukuza usiondoke. Nijibu upesi.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, wewe je? Barua zako zote zimefika. Kalamu ndiyo ilikuwa nzito.

Tulilivunja. Nikaenda, nikakaa mlangoni kwa jirani. Akapita na maji machafu ya kuku, akayamwaga karibu yangu bila kunitazama. Mlingoti kule ndani akauliza ni nani. Akaambiwa. Akasema, "Mwache akae, anasubiri mzigo wake." Wanasema tangu alipopata habari ile hakugusa tena uji, alilala akiangalia ukuta. Sijui kama ni ini au ni mimi. Na wewe usiniambie ni ini.

Alipofariki walikwenda ng'ambo ya barabara. Halikupatikana la kumtosha. Yule jamaa, nimpe haki yake, akaja mwenyewe kumwomba Fundi akaongeze ubao pale miguuni. Fundi akachukua msumeno, akavuka. Mjane akasimama mlangoni akamwambia, "Mkono wa kule haumgusi mume wangu." Fundi akarudi na msumeno wake.

Wakamkunja. Mimi nilikuwa nimesimama upande huu, nikasikia wakigongelea.

Fundi anakuja kila asubuhi, anafagia sakafu isiyo na vumbi, tunakaa. Watu wakitukaribia wanavuka barabara. Juzi nimemwambia aende akaombe kazi kule, mikono yake ile isife njaa kwa ajili yangu. Akasema atafikiri. Atakwenda.

Habari za wateja usiniandikie tena, baba. Niandikie umekula nini.

Mama yako