Picha ya Nyonga ya Mama Riziki

Magomeni, Mtwara
3 Septemba 2025

Mwanangu Riziki,
Hujambo huko bwenini, chakula kinashuka? Sisi wazima, ila baba yako anakohoa. Shangazi yako Sharifa kaachika tena, hayo yanataka tukae chini.

Nyonga yangu bado. Nikichuchumaa kubangua korosho inachoma kwa ndani, nikiinuka inalia ka. Eksirei haikuona kitu, basi shangazi yako anasema naigiza nisiende shamba. Halima jirani naye ati mfupa umeoza, mjomba wake ulimwanza hivyohivyo, wakamkata mguu. Nikacheka. Nilipoingia ndani sikucheka tena. Daktari kaniandikia MRI, kipimo cha picha kinachoona ndani zaidi, Jumanne. Usiogope.

Mama yako


Masasi
7 Septemba 2025

Shikamoo mama,
Mimi sijambo, baba mpe pole ya kikohozi. Hilo la mguu usinifiche. Majibu yakiwa mabaya nitaacha shule nije kukupikia, matroni nimeshamwambia.

Mwanao


Magomeni
11 Septemba 2025

Mwanangu,
Salamu nyingi, baba yako kapona. Nilikwenda. Nikavuliwa heleni, pini za mtandio, mpaka hirizi. Nikaingizwa kwenye bomba linagonga kama mafundi bati. Sasa yule mpiga picha, Jafari, kumbe mtoto wa Hemedi wa Ufukoni, yule aliyemkimbia bi harusi. Nikamwuliza kwenye kispika kama baba yake alisharudi. Mdomo unaenda, mkono unaenda, kiuno nacho kinaenda.

Akanitoa. "Mama, si nimekuambia utulie? Picha zote ukungu. Hapa hata kompyuta haitaona kitu."

Nirudi tarehe 24. Nimelia, Riziki, na siyo kwa maumivu. Siku za kutojua nimeziongeza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama yako


Masasi
6 Oktoba 2025

Shikamoo mama,
Natumai mu wazima. Tangu tarehe 24 leo siku ya kumi na mbili, huna neno. Wewe kunyamaza sijawahi kuona. Begi nimefunga. Kama ni mguu, niambie.

Mwanao


Magomeni
9 Oktoba 2025

Mwanangu,
Salamu baadaye. Mguu haukatwi. Fungua begi.

Safari ile ya tarehe 24 nilinyamaza nusu saa nzima, Jafari mwenyewe akanipa pole. Majibu yakachelewa, nikawa sina la kukuandikia. Jana wameniita. Wana kompyuta ya hiyo akili mnemba, inazipitia picha kwanza. Ikatia alama nyekundu padogo kama punje ya mchele. Daktari hakuiamini hivihivi, akakuza picha, akamwita mwenzake, wakainama wote wawili.

"Mama, mfupa wako mzima. Kilichochanika ni ukingo laini unaozunguka tundu la nyonga, kama kile kimpira cha mtungi wa gesi. Eksirei haiuoni."

Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena kwa sauti, wifi yangu yupo mlangoni. Shangazi yako akawa anatazama ndala zake.

Ni mazoezi miezi mitatu, nisichuchumae. Ikikataa ndiyo watashona kwa kitundu kidogo. Korosho nabangulia mezani, na kiti kaleta shangazi yako, bila kuombwa.

Wewe soma. Leo nimelala mpaka jua limepanda, baba yako akaja kunitikisa aone kama nipo hai.

Mama yako