Saa Moja na Nusu Kutoka Lodwar

Soko la Kibuye,
Kisumu.
Jumatano, 20 Machi 1991

Mpendwa kaka Absalom,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. Hujambo, na shemeji Nabwire na watoto hawajambo? Joto la huko Kalokol limewaachia nyama mwilini, au tutapokea mifupa? Sisi ni wazima. Goti langu tu hulia kila mvua ikinyesha, na imenyesha siku tisa mfululizo, basi umeshajua hali ya goti.

Sasa kaka, nimechanganyikiwa. Wewe ni mwalimu wa hesabu, mimi muuza mitumba, nisaidie. Kutoka Kisumu hadi Lodwar ni mbali kiasi gani? Nilipima kwa rula kwenye ramani ya binti yangu Aoko, nikapata kilomita mia tatu na sabini. Rubani wa ndege ya misheni akaniambia ni mia mbili. Kumbe ana maili zake za angani. Ndung'u, jirani yangu sokoni mwenye lori la vitunguu, akacheka: "Mzee, Lodwar ni siku mbili na pancha tatu." Mji mmoja, majibu matatu, na hakuna aliyedanganya!

Nikashika la rubani, aliyesema maili hizo ni saa moja na nusu hewani. Uliandika kwamba utapanda ndege hiyo juzi Jumatatu. Nikajumlisha: ikiruka saa tatu, saa nne na nusu uko Kisumu, jioni uko nyumbani Luanda Kotieno umeshika jembe. Nikalitangaza nyumbani kama chifu barazani.

Ndege ilitua saa tano. Walishuka watawa wawili na furushi la mikeka. Wewe hukuwemo. Rubani alisema walikungoja nusu saa nzima, gari la kutoka Kalokol halikutokea. Ndipo nikagundua nimepima hewa yote, nikasahau mchanga ulio kati ya mlango wako na uwanja wa ndege.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Desturi unaijua: kifungua mimba hajatia mbegu, sisi wadogo hatutii. Mahindi ya majirani yameshachipua, letu ni shamba jeusi tu. Gordon, kitinda mimba wetu, akaninyoshea kidole, akamwambia Mama, "Si Zadock apande tu? Absalom hatajua."

Mama akamtazama. "Absalom hatajua. Shamba litajua."

Kisha akasukuma kikapu cha mbegu chini ya kitanda chake. Anasema afadhali tule unga wa dukani mwaka mzima kuliko amruke mwanawe. Na hatanii, kaka. Mvua hii ikipita, msimu umetupita.

Barua hii inapanda ndege kesho, na ndege itarudi huku Jumatatu. Tafadhali usifuate hesabu zangu. Toka Kalokol Jumamosi, ulale Lodwar siku mbili, uchoke kungoja. Wala usinijibu kwa barua. Shamba linataka mkono wako, si mwandiko wako.

Nisalimie Nabwire na watoto, na mwalimu mwenzako Dishon. Milka wangu na Aoko wanawakumbuka sana. Mungu aliyekufanya wa kwanza kuzaliwa akupe na gari la kukufikisha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, jembe mkononi,
Zadock