Gari la Maganga Limezima Tena

Maganga, mtani wangu,

Gari lako limezima tena. Ilikuwa Alhamisi, tunatoka Korogwe kwa daktari wangu, jua la saa saba, mahali ambapo hakuna hata kibanda cha muuza mahindi. Geji ya mafuta ilikuwa inaonyesha nusu tenki. Sijui kwa nini bado naitazama. Ilionyesha nusu tulipojaza, ikaonyesha nusu tulipozimikiwa, na naamini hata siku ya kiyama itaonyesha nusu. Mwanangu Mwanahamisi, ambaye ndiye dereva wangu tangu miguu inikatae, alishuka akalipiga gurudumu teke. "Baba, hivi marehemu alikuwa rafiki yako au adui yako?" Akapanda bodaboda na dumu kwenda kutafuta petroli. Mimi nikabaki kwenye kiti, gazeti usoni, kama maiti iliyosahaulika njiani.

Nakulaumu wewe kwa sababu walio hai nimekwisha kuwalaumu wote.

Hujui hata lilivyofika kwangu, maana ulikuwa umelala kwenye jeneza, kwa mara ya kwanza huna la kusema. Mimi ni Mzigua, wewe ni mtoto wa Wanyamwezi walioletwa kukata mkonge. Msibani kwako kazi yangu ya mtani ilijulikana, kuzuia maziko kwa mzaha. Nikaifanya. Kabla hujatolewa ndani, niliingia kwenye gari lako jekundu la milango miwili, nikashusha kioo, nikatangaza kwamba Mnyamwezi huyu haendi kaburini mpaka nipewe jogoo, na wakininyima naondoka na gari. Watu walicheka, hata mkeo. Ilibaki mtu mmoja tu alete kuku, au hata yai, mchezo uishe. Badala yake akaja mwanao Petro, aliyekulia Dar es Salaam na hajui mambo haya, machozi yakimtiririka. Akanipitishia dirishani funguo na kadi ya gari kwa mikono miwili. "Baba mdogo, chukua. Baba angependa liwe lako."

Kicheko kikakatika. Wazee wakatazama chini. Nani angemwambia mtoto aliyefiwa kwamba tulikuwa tunatania?

Baada ya arobaini nililirudisha. Mkeo, shemeji Regina, alinizuia palepale uani. "Wewe Mzigua, alichochukua mtani hakirudi hapa bila kukombolewa. Na aliyekupa ni Petro. Ongea na Petro." Nikajiambia nitaongea naye, lakini kwanza nilitengeneze. Nisingeweza kumrudishia mtu gari lenye geji mwongo.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Fundi umeme wa Korogwe, mtu wa Mashewa, aliifungua dashibodi yako akakuta nyaya umezifunga kwa plasta ya vidonda. Plasta, Maganga. Alipomaliza, ukiwasha taa sindano ya joto inapanda, ukipiga honi, ile ya mafuta inashuka. Na lenyewe linakunywa kama lori la machungwa. Nilifundisha hesabu maisha yangu yote, nikasema hili dogo, nitapima mafuta yaliyoingia na umbali uliotembea. Kumbe na kipima mwendo kilikufa zamani. Nikawa nagawanya nisichokijua kwa nisichokijua. Nilipomuuliza shemeji wewe uliwezaje, akasema ulikuwa unalitikisa gari na kusikiliza tenki. Nimelitikisa. Nilichosikia ni mgongo wangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Geji ilipona. Masika yaliyopita fundi aliweka boya jipya ndani ya tenki, na sindano ikasema kweli: ikajaa tulipojaza, ikashuka tulipotembea. Mwanahamisi alifurahi. "Haya Baba, sasa tunampelekea Petro lini?" Kesho yake, alipokwenda shamba, nilijikongoja hadi kwenye gari, nikafunua zulia la buti, nikauchomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye tenki, sindano ikarudi kwenye nusu yake. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nimepiga magoti kwenye buti kama mwizi wa vipuri. Kisha nikaingia ndani na kuulalamikia ufundi wa siku hizi.

Ukitaka sababu, ni kwamba hakuna tena mtu wa kunitukana. Wote wananiamkia. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee, wananishika mkono kuvuka mfereji. Nikikaa kwenye kiti kile na kuligombeza gari lako, nakuwa bado nina mtani. Sikutaka lipone. Na kwa ujinga huo nikamwanika mwanangu juani Alhamisi.

Daktari hakunificha. Moyo umechoka, akasema, nipange mambo yangu. Nikifa nalo, wanangu wa kiume watalikata vipande. Nimewasikia wakigawana, huyu injini, yule magurudumu. Na Petro kila akija Krismasi hupita kwangu kunisalimu, hulizunguka lile gari, huweka kiganja juu ya paa, kisha huaga. Hajawahi kuliomba. Amelelewa vizuri, sijui na nani, maana si wewe.

Jana nilimpigia simu. Nilimweleza yote, mchezo wa msibani na waya wa kwenye buti. Nikasikia anacheka, kicheko chako kile cha kukoroma. "Kwa hiyo Mzigua umekula gari la baba miaka yote hii kwa kuku mmoja?" Hakusema Mwalimu. Hakusema shikamoo. Nilishika simu kwa mikono miwili, nikamwambia Mnyamwezi mkubwa wewe, njoo Jumamosi na jogoo, na asiwe wa kisasa.

Anakuja. Waya nitaurudisha mwenyewe kabla hajafika, nikihitaji kushikwa kiuno Mwanahamisi atanishika, na nitamwambia kwa nini. Petro nitamfundisha kazi ya mtani, kwa sababu siku yangu wanangu watalia tu, na nataka awepo mtu wa kulizuia jeneza langu na kunisema vibaya mbele za watu.

Lala salama, Maganga. Nakuahidi sitakawia sana. Na nikifika, tafadhali, usinipokee kwa heshima.

Wako,
Mhina
Kang'ata, Handeni