Kwa Erastus Shitanda wa Malava, Aliyewaonyesha Wana Mahali pa Kujenga

Mwaka umezunguka, Baba Mideva, tangu tukulaze pale nyuma ya karakana, mwezi wa Aprili 1965. Watu waliniambia nitazoea. Sijazoea, na sioni kwa nini nizoee. Bado nikisikia randa asubuhi nasema moyoni, huyo ameamka, kumbe ni mwanao Bramwel.

Lakini sikuja gazetini kulia. Wewe mwenyewe hukupenda machozi ya mbele za watu. Nimekuja kukusifu, na wanaosoma wasome.

Ulikuwa fundi seremala wakati wazungu wa kamati ya hisani ya Kakamega walipokutafuta, vita vya Hitla vimekwisha juzi tu. Walikuwa na wavulana waliookotwa sokoni na barabarani, hawana baba wala mama, na hawakujua wawaweke wapi wafundishwe kazi. Wao wangetoa vyombo vya kazi na mabati, wewe ukatoa shamba ulilorithi kwa baba yako. Mimi hukuniuliza! Nilirudi kutoka mtoni nikakuta wavulana wamejaa uani wanatafuna mahindi yangu, na wewe unacheka. "Mama Mideva, ongeza maji kwenye sufuria." Haya, nikaongeza, na toka siku hiyo sikuyapunguza tena.

Ulikuwa mkali wa kazi, wee! Mlango ukikwama hata kidogo uliung'oa, ukasema huo ni wa kufungia mbuzi. Kijana akijitetea kuhusu ukuta uliopinda, ulimwambia timazi haina shangazi. Jioni ukali ulikwisha. Ulikula obusuma, ugali wetu, nao katika sinia moja, meza niliyokuandalia ukaikataa. Na kwa kuwa mmoja wao, Musa wa Matungu, ni Mwislamu, ingokho, kuku wetu wa heshima, haikuchinjwa kwetu mpaka Musa ashike kisu, ili wote wale bila manung'uniko. Kila msimu wa tohara wewe ndiwe uliyesimama nyuma ya wale wasio na baba, umevaa koti lako la kanisani.

Baada ya tohara ndipo ulipoonyesha ukaidi wako mkubwa. Kwetu, kijana akishatoka jandoni, baba yake humwonyesha mahali bomani ajenge isimba, nyumba yake ndogo ya kulala mpaka aoe. Ulimshika Bramwel mkono, ukachomeka kijiti pale kwenye mteremko, ukamwambia, "Jenga hapa." Kisha George. Kisha Phineas wetu wa kuzaa, ukampa mahali katikati ya wenzake, si mbele yao. Kisha Musa. Bwana Whitlock, msimamizi wa kamati, akapita akaziona zile nyumba zimejipanga, akakupongeza kwa kuwapa vijana mazoezi mazuri ya uashi. Ukamshukuru, ukarudi kwenye randa yako. Mimi nilijifunika leso nisicheke.

Kaka yako Mukhwana hakucheka. Yeye alijua maana yake. Kila isimba ya mwana wa kuokotwa ilipoanza alikuja na fimbo, akafoka hadi kuku wakatawanyika. "Erastus, unagawanya shamba la baba yetu kwa watoto wa barabarani! Isimba si darasa!" Ukamjibu, "Kaka, umeona vizuri." Mwishowe akaacha kukusemesha, hata kanisani alihamia upande wa pili. Ilikuuma, najua. Siku ulizokutana naye njiani ulirudi nyumbani huna hamu ya chakula.

Ukafika mwaka wa 1962. Uhuru unanukia, kamati inafungasha mizigo. Bwana Whitlock akaja na lori na amri yake: nyumba ya mafunzo inafungwa, vijana wakubwa wapelekwe kufanya kibarua mashambani, wadogo watawanywe katika nyumba za serikali huko mbali. Ishaq, mdogo wao wote, alikumbatia mguu wa meza ya useremala akakataa kuuachia.

Chifu alikuwepo na wazee pia, maana habari ilikuwa imeenea Kabras nzima. Ukasimama ukasema, "Vyombo ni vyenu, chukueni. Mabati ya bweni ni yenu, ezueni. Wana ni wangu, hao mtaniachia." Bwana Whitlock akauliza ni wako kwa sheria gani. Chifu akajibu kwamba kumjua mwana wa boma ni kazi ya ukoo. Akamgeukia mkubwa wa ukoo. Akamgeukia Mukhwana!

Mungu wangu, nilijua tumekwisha. Neno moja tu la mzee yule lingewapandisha wanangu wote lorini, na sababu ya kulisema alikuwa nayo. Alikohoa, akaegemea fimbo.

"Mimi sipendangi jambo hili," akasema. "Kila mtu hapa alinisikia. Nilipiga kelele isimba ya kwanza, nikapiga ya pili, nikapiga ya Musa. Sasa niulizeni, kwa nini nilikuwa napiga kelele? Kama ni mazoezi ya kujenga, ningenyamaza. Nilipiga kelele kwa sababu niliona ndugu yangu anapata wana. Mtu haonyeshwangi mahali pa isimba katika boma la asiye baba yake. Nilikasirikia wana, sikukasirikia wanafunzi."

"Na hawa wadogo, ambao bado hawajajenga?" Chifu akauliza.

"Wadogo ni ndugu za wakubwa. Mahali pao papo, wakue tu."

Lori liliondoka na vyombo na mabati. Sikuona mtoto hata mmoja juu yake. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na wanawake wa Malava wakanipokea. Jioni mvua ikanyesha, bweni halina paa, wadogo wakalala katika nyumba za kaka zao. Wewe na Mukhwana mlikaa jikoni kwangu mkila ingokho, na firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, ukampa yeye. Alikula huku machozi yanamtoka, akasingizia moshi.

Mkaanza upya chini ya paa la nyasi, na vyombo vya kuazima. Uhuru ulipofika, jukwaa la sherehe hapa sokoni lilijengwa na wanao, na halikuyumba. Leo George ana karakana yake Mumias. Musa anajenga misikiti na makanisa toka Matungu hadi Mayoni, habagui. Bramwel amebaki hapa kwako anafundisha wavulana wapya, na ukali amerithi wote. Tumeshinda, Baba Mideva! Nasema tena wasikie hata viziwi, tumeshinda.

Juzi nilipopeleka tangazo hili, karani wa gazeti, kijana mpole, alinisomea majina, akauliza, "Mama, niwatenge wa kuzaa na wa kulea?" Nikamwambia, "Mwanangu, shauri hilo ukoo ulishalikata. Andika nilivyokutajia."

Basi ameandika:

Unakumbukwa na mkeo Jescah. Kaka yako Mukhwana. Binti zako Mideva na Ayuma. Wana wako Bramwel, George, Phineas, Musa, Ishaq na ndugu zao wote, waliojenga na wanaongoja kuonyeshwa mahali. Pamoja na wake zao na wajukuu wako.

Maadamu boma hili lina watu, hutasahaulika.