Siku Niliyomwosha Bi Edith

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini, kama ninavyofanya siku zote, kukungoja uitikie.

Telegramu ya Mwanaidi ilinifikia siku tisa baada ya mazishi. Mdogo wangu aliituma kwenye anwani ya zamani, kwa wale wazungu niliowalelea watoto, na baba wa watoto hao akaja kuipitisha chini ya mlango wangu alfajiri akienda kazini kwake. Hakubisha hata hodi. MAMA AMEFARIKI JUMANNE TUMEZIKA MASANZE. Niliisoma nimesimama, koti mwilini, kiatu kimoja mguuni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nakwenda kujaribiwa kazi. Huku Uingereza, kabla ya kukuajiri, wanakuita ufanye kazi siku moja wakuangalie. Ukiwaridhisha unabaki. Usipowaridhisha, asante, kwaheri. Mimi nilikuwa sina kazi tangu wale watoto wapelekwe shule ya bweni, na bila kazi ningerudishwa nyumbani mikono mitupu.

Nilivaa kiatu cha pili, mama. Nikaenda. Nisamehe. Sikujua kitu kingine cha kufanya na miguu yangu.

Njiani nilikuona wewe. Mwaka ule shamba la mkonge lilipopata mnunuzi na ninyi mkaambiwa hamhitajiki tena, ulilala siku mbili umegeukia ukuta. Siku ya tatu ukajitwika mitumba, ukatembea hadi gulioni Ulaya, Ulaya yetu ile ya Kilosa. Ulikuwa ukiyanyanyua yale makoti mazito unayapima kwa mkono, unacheka: "Jamani, huko walikovaa haya kuna baridi ya namna gani?" Ni baridi hii, mama. Nilikuwa ndani yake, na nilitaka kukuambia.

Mahali penyewe ni nyumba ya kutunzia wazee. Msimamizi wake ni mama mmoja wa Jamaika, Joyce, mnene, mwepesi wa miguu. Alinipa aproni na wazee watatu wa kuwaosha kabla ya chai. Dakika kumi kila mmoja, akasema, akaonyesha saa ya ukutani. Wawili wa kwanza walikuwa wanaume, wapole, nikawamaliza sijui hata vipi. Wa tatu alikuwa Bi Edith. Joyce alinitahadharisha kwamba huyo hapendi mtu yeyote amguse. Wiki hiyo alishamng'ata mtu.

Nilipoingia, Bi Edith alianza kupiga kelele. Mkono kama kijiti, lakini nguvu anazo. Nikapiga magoti kando ya kitanda, Kiingereza chote kikanitoka, nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Sijui alisikia nini. Alinyamaza, akanitazama.

Nikaanza kumwosha.

Unakumbuka bibi alipofariki? Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulinishika mkono ukaniingiza chumbani walimomlaza, na shangazi akasema mtoto huyu ataogopa. Ukamjibu, "Atajifunza lini?" Ukanionyesha. Anzia upande wa kulia. Usimfunue wote, mtu ana haya zake hata akiwa amekufa. Fungua pale unapoosha tu, kisha funika. Maji yasiwe ya moto, yasiwe ya baridi. Na ulikuwa ukiongea naye Kisagara muda wote, polepole, kana kwamba unamwogesha mtoto.

Basi mikono yangu, mama, ilikuwa inafanya hivyo hivyo. Mkono wa kulia. Ubavu wa kulia. Nafunika. Mkono wa kushoto. Nilifika miguuni ndipo nikagundua ninachofanya. Namwosha mtu aliye hai kama maiti. Na maiti ninayemwosha ni wewe. Wewe ambaye mtu mwingine alikwishakuosha siku tisa zilizopita, na mimi mwanao wa kwanza nilikuwa hapa natafuta viatu vya kuendea kazini.

Kitambaa kikanidondoka.

Bi Edith alikuwa amefumba macho. Bila kuyafumbua akasema, taratibu kabisa, "Usiache."

Nikaokota kitambaa. Nikamalizia mguu wa kushoto.

Joyce alinikuta kwenye kistoo cha mataulo, nimekaa sakafuni. Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Mama yangu amekufa." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisema, mama, na nililisema kwa lugha usiyoijua. Akanishika bega, akaniambia niende nyumbani. Nikamwambia huko chumbani hakuna mtu. Basi akakaa na mimi palepale juu ya mataulo, mwili wake wote mkubwa ule, mpaka kengele ya chai ikalia. Jioni aliponiaga alisema, "Unachelewa sana. Dakika arobaini kwa mtu mmoja!" Kisha akasema, "Njoo Jumatatu."

Kazi nimepata. Hii ni wiki ya tatu.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya hilo. Nimekuandikia kwa sababu nilikudanganya. Ile barua niliyokutumia mwaka jana, kwamba niko ofisini, napiga taipu, nina meza yangu: hakuna ofisi. Nilikuwa yaya. Niliona haya, nikaona nikupe kitu cha kusimulia. Sasa Mwanaidi ameniandikia kwamba ulikuwa ukimsomesha barua ile kila mgeni aliyejua kusoma, hata ukiwa huwezi kuinuka. Umekwenda na uongo wangu umeushika mkononi. Hilo ndilo linaloniamsha.

Mama, pumzika. Mungu akusitiri huko kama ulivyowasitiri wengine.

Naahidi nitakuja. Nitashuka Mikumi, nitapanda gari la Kilosa, nitafika Masanze kwa miguu ikibidi. Nitawatafuta wale akina mama waliokuosha, mmoja mmoja, niwaambie kazi yangu hasa ni ipi. Kisha nitawaomba wanisimulie walivyokuosha, tangu mkono wa kulia hadi mguu wa kushoto, na sitawakatiza.

Mwanao,
Zaina